Dar hadi Guangzhou: tiketi husema saa 21, ukweli ni 16

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaojiandaa kwa Maonyesho ya Canton, ambayo hufanyika Guangzhou, China, kila Aprili na Oktoba, huuliza kwanza bei ya tiketi. Suala la muda wa safari huachiwa wakala, na hapo ndipo fedha hupotea.

Umbali kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Baiyun, kwa mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ni kilometa 8,700 hivi. Abiria wengi, hata hivyo, hupitia kituo cha kati. Kupitia Dubai ni kilometa 3,980 na kisha 5,830. Kupitia Addis Ababa ni 1,760 na kisha 8,040. Ukijumlisha, njia zote mbili ni takriban kilometa 9,800, kwa hiyo wakala anayedai kwamba yake ndiyo ya mkato anakuuzia maneno.

Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu hukata kilometa 850 hadi 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, unakaa hewani kama saa 13. Wakati wa kurudi huongezeka saa moja au zaidi, kwa kuwa pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki.

Kinachotofautisha tiketi ni muda wa kusubiri kituoni, nao hufichwa na tofauti ya majira. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5, na tiketi huandika saa za mahali. Chukua mfano wa anayeondoka Jumatatu saa 10 jioni na kufika Jumanne saa 7 mchana. Kwa kuhesabu vidole ni saa 21. Toa 5, zinabaki 16, yaani 13 za hewani na 3 za kusubiri. Wakati wa kurudi ongeza 5, la sivyo safari itaonekana fupi kuliko ilivyo.

Je, kusubiri saa 12 ili kuokoa shilingi 150,000 kuna faida? Tuseme umekopa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya siku moja ni kama shilingi 9,900, kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa hesabu hiyo tiketi ya bei nafuu inashinda. Lakini maonyesho yana awamu tatu, kila moja siku tano, na bidhaa za awamu moja hazipo katika nyingine. Ukichelewa siku moja umepoteza sehemu ya tano ya muda wa kupatana bei, na chumba cha hoteli ulichokiweka unakilipia vilevile. Anayefika siku mbili kabla ya ufunguzi anaweza kuchukua tiketi hiyo bila wasiwasi.