Alama za Mchele Zisizoonekana kwa Macho

Mchele ukishakobolewa na kutiwa guniani, hata mkulima aliyeulima huweza kushindwa kuutambua. Punje za basmati, mchele wa kunukia unaolimwa kaskazini mwa India na Pakistani, hufanana sana na punje nyingine ndefu za bei nafuu. Hapo ndipo udanganyifu hupata mlango. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu nusu ya sampuli zilizouzwa kwa jina la basmati zilikuwa na mchele mwingine ndani yake.

Uchunguzi huo haukutegemea macho wala pua. Kila seli ya mmea wa mpunga ina kromosomu 24, na ndani ya kila kromosomu mna uzi mrefu wa DNA, ulioandikwa kwa besi nne zinazofupishwa A, T, G na C. Mahali pengi katika uzi huo maandishi hujirudia mithili ya kigugumizi: GAGAGAGA. Seli inaponakili uzi wake, ni rahisi nakala kuteleza mahali kama hapo, GA moja ikazidi au ikapungua. Aghalabu kosa hilo haliudhuru mmea, kwa hiyo hurithiwa. Baada ya vizazi vingi, tuseme, aina moja ya mpunga huwa na marudio 12 pale ambapo nyingine ina 17.

Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, alizigundua alama za namna hii katika DNA ya binadamu mwaka 1984. Ajabu ni kwamba mwaka 1988 kipande cha DNA ya binadamu kilitumika kutofautisha aina za mpunga!

Siku hizi mpimaji husaga punje, hutoa DNA, kisha kwa kutumia kimeng'enya huzidisha sehemu yenye marudio hadi ipatikane mamilioni ya nakala. Nakala hizo hutiwa katika jeli na kupitishiwa umeme. Fupi hutangulia, ndefu huchelewa. Kupima mahali pamoja hakutoshi, kwani aina mbili za ukoo mmoja huweza kulingana hapo.

Hata hivyo, kipimo hutambua mbegu, si shamba. Basmati 370, iliyotolewa Punjab mwaka 1933, hulimwa pia Mwea, Kenya, ambako mchele wake huitwa pishori. Marudio ya GA hayawezi kusema punje ilivunwa wapi kati ya sehemu hizo mbili.