Mlima Meru ukibomoka kwenye simu: siri ni kuhesabu nukta

Unatengeneza tovuti ya kampuni ya utalii Arusha. Unataka mchoro wa Mlima Meru ubadilike taratibu: kwanza koni kamili, kisha mlima wa leo, ambao ubavu wake wa mashariki uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita. Unajaribu, mchoro unaruka ghafla. Shida nini?

Mchoro wa vekta, yaani SVG, ni orodha ya nukta na maelekezo ya kuziunganisha. Kubadili umbo taratibu ni kuisogeza kila nukta kutoka ilipo hadi inapotakiwa. Nukta isiyo na mwenzake haina pa kwenda.

Koni ya kale inahitaji nukta 3 tu:

M0 100 L50 0 L100 100 Z

Mlima wa leo unahitaji 5, maana una kilele, sakafu ya kreta na kile kilima cha majivu ndani yake:

M0 100 L50 10 L60 60 L75 45 L100 100 Z

Hapo 3 na 5 haziendani. Dawa yake ni kuongeza nukta 2 kwenye mteremko wa mashariki wa koni:

M0 100 L50 0 L65 30 L80 60 L100 100 Z

Kwa macho koni ni ileile, kwa sababu nukta mpya ziko kwenye mstari uleule. Ila sasa kila moja ina mwenzake. Iliyopo 65,30 itashuka hadi 60,60. Nusu ya safari iko 62.5,45. Kumbuka, kwenye SVG namba ya pili ikiongezeka ndiyo unashuka.

Zingatia mawili. Herufi za maelekezo zifuatane sawa pande zote, L kwa L, C kwa C. Pia anzia kona ileile na zunguka upande uleule, la sivyo mlima utajisokota kama nguo inayokamuliwa.

Ukishapanga hivyo, tagi ya animate inatosha. Brauza inafanya hesabu yenyewe.

Je, kama maumbo yana nukta mamia? Tumia Flubber, ni ya bure, au MorphSVG ya GSAP, ambayo ni bure kwa wote tangu 2025. Zinakupangia nukta zenyewe, lakini mgeni wa tovuti atapakua faili la ziada.

Kwa Meru yetu, hesabu kwa mkono. Maumbo yote mawili hayafiki herufi 100, na mwenye bando dogo atauona mlima ukibomoka bila kusubiri.