Mpanda ngazi hushuka: Magurudumu manne hayamkingi dereva na utelezi wa mlimani

MVUA ya vuli inapoanza kunyesha katika vilima vya Kangundo, Kaunti ya Machakos, barabara za udongo mwekundu ambazo hapo awali zilikuwa vumbi tupu hugeuka utelezi mtupu. Huo ndio msimu wakulima wanapochuma kahawa, na buni mbivu sharti zifikishwe kiwandani siku ileile ili zitolewe maganda kabla hazijaanza kuchacha. Gari likikwama mlimani, jasho la mkulima hupotea bure. Na likiwa limembeba mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, hasara huwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana wengi wenye uwezo hununua magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, wakiamini kwamba wamepata dawa ya matope. Imani hiyo ina ukweli nusu. Magurudumu manne humsaidia dereva kwenda. Hayamsaidii kusimama.

Hali hii si ya Kangundo pekee. Wakenya wanaoishi katika majimbo yenye baridi kali kama vile Minnesota, Marekani, hukumbana nayo kila theluji inapoanguka. Theluji na tope ni ndugu: vyote viwili hulinyima tairi nafasi ya kuishika ardhi. Humu nchini, theluji hupatikana tu karibu na vilele vya Mlima Kenya, juu kabisa ya mahali barabara za magari zinapokomea. Hata hivyo, kanuni za kupanda na kushuka mlima wenye utelezi ni zilezile.

Katika gari la kawaida, injini husukuma magurudumu mawili tu. Kati ya magurudumu hayo kuna difu, kifaa kinachoruhusu gurudumu la nje kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona. Tatizo ni kwamba gurudumu moja likitumbukia kwenye tope, nguvu zote hukimbilia huko, nalo huzunguka ovyo huku mwenzake aliye pakavu akiwa ametulia tuli.

Kuongeza ekseli ya mbele hupunguza shida hiyo, lakini hakuimalizi. Gari lisilo na kifaa cha kufunga difu laweza kukwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure. Isitoshe, baadhi ya magari ya zamani yana vifungio katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo sharti dereva ashuke na kuvizungusha kwa mkono. Anayesahau hubaki akisukumwa na magurudumu mawili huku akidhani ni manne.

Dereva mwerevu huchagua gia kabla ya kuufikia mlima, si akiwa katikati yake. Hutumia gia nzito, zile za giaboksi ya pili zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu, kisha hupanda bila kubadilisha gia wala kukanyaga mafuta kwa pupa. Gurudumu linalozunguka ovyo huchimba shimo lake lenyewe. Wengine hupunguza upepo kwenye matairi ili yatandae na kushika ardhi vyema, mradi wakumbuke kuyajaza tena kabla ya kurejea kwenye lami. Katika matope mazito, kama yale ya udongo mweusi wa nyanda za Joska na Kamulu kwenye barabara ya kuelekea Nairobi, minyororo iliyofungwa kwenye matairi husaidia, kama isaidiavyo kwenye theluji ughaibuni.

Hatari kubwa zaidi huja pale gari linaposhindwa kufika kileleni. Dereva anayejaribu kuligeuza katikati ya mteremko huliweka ubavu, na gari lililo ubavu hupinduka kwa urahisi. Njia salama ni kurudi kinyumenyume, moja kwa moja, katika gia nzito ya nyuma, bila kukanyaga klachi.

Wakati wa kushuka, breki huwa adui. Magurudumu yakigandishwa na breki hugeuka kuwa kama sleji, na usukani hauna kazi tena. Gia ya kwanza nzito huiacha injini ilizuie gari lenyewe, huku magurudumu yakiendelea kuzunguka na kutii usukani. Uzito nao una mchango wake: gari lililosheheni magunia huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame, liwe na magurudumu manne au mawili.

Historia ya mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953, inathibitisha kwamba mitambo pekee haitoshi. Magari ya Audi yenye kusukumwa na magurudumu manne yaliposhiriki miaka ya 1980, wengi waliyatarajia kutamba kwenye matope. Badala yake, Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee ilishinda mfululizo mwaka wa 1984, 1985 na 1986. Ni mwaka wa 1987 ambapo Hannu Mikkola aliipatia Audi ushindi.

Kaskazini mwa Kangundo, ukipitia Tala, kuna Mlima Ol Donyo Sabuk wenye urefu wa mita 2,145. Barabara ya udongo inayopanda hadi kileleni ni ya magari yenye nguvu, hasa wakati wa mvua. Kwenye mteremko wake limo kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka wa 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, naye akazikwa njiani.

Wanaopita hapo wakiwa na magari ya kisasa hufika juu bila taabu nyingi. Walakini, wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Ni wakati wa kushuka, mvua ikiwa imeanza kunyesha, ambapo dereva hugundua kama alinunua gari tu au alijifunza pia kuliendesha.