MDOGO WANGU HAKUKOSEA, NI UKOO WA SARATANI!

Wiki iliyopita nusura nimvunjie heshima shangazi yangu.

Mdogo wangu, kijana wa miaka 24, alipatwa na saratani ya damu. Akapigwa dripu za kemo mpaka nywele zikapukutika zote. Vipimo vikatoka safi, tukachinja mbuzi. Miezi tisa baadaye, kasheshe: ugonjwa umerudi, na dawa zile zile hazifui dafu!

Shangazi akaropoka mbele ya mgonjwa: "Wee mtoto, dawa ulikuwa unazikwepa? Kama si uzembe, basi ni mkono wa mtu!" Mdogo wangu akainamisha kichwa. Roho iliniuma, nikaanza kuuliza na kusoma.

Kumbe saratani hii ina ukoo! Inaanzia kwenye seli moja ya uboho iliyoharibika vinasaba. Inazaa, watoto nao wanazaa. Kila seli inapogawanyika, kosa jipya laweza kuingia, na kizazi chake chote kikalirithi. Kwa makosa hayo mtaalamu anajua nani mtoto wa nani, kama babu anavyokutajia ukoo wenu.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walisoma vinasaba vya wagonjwa 8 wa saratani kali ya damu iitwayo AML, kabla ya tiba na baada ya ugonjwa kurudi. Walikuta ni ukoo ule ule. Kwa wengine, tawi dogo lililokuwapo toka mwanzo lilisalimika, likaongeza makosa mapya, likatawala. Mwaka 2017 timu ya John Dick wa Toronto, Kanada, nayo ikaonyesha kuwa seli sugu zilikuwamo mwilini kabla ya dripu ya kwanza.

Kemo hufyeka zaidi seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana hata nywele huondoka. Seli mama iliyolala yaweza kupona. Ndiyo sababu hospitali zenye vifaa husaka mabaki, hata seli 1 kati ya 10,000.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Akanyamaza kitambo, kisha akaingia jikoni kumkorogea mdogo wangu uji. Kijana kaanzishiwa dawa nyingine, tunamwomba Mungu.

Ndugu yangu, kliniki usikose hata ukijisikia fiti. Na ukienda kumwona mgonjwa, beba machungwa. Hukumu iache nyumbani!