Ramani ya Dunia Yako ya Kubuni: Uchore na Mkono Ama Uachie AI?

Ka unatengeneza komiki, gemu ama stori yenye iko na dunia yake, kuna siku utahitaji ramani. Siku hizi ni rahisi: unaambia AI inataka nchi ya volkano na maziwa, na kabla umalize chai uko na picha kali, rangi imeiva, milima na vivuli vyake. Penseli itakula wikendi yako yote. Sasa mbona kuna wasee bado wanachora na mkono?

AI za picha zimelishwa picha mob, zikashika vile ramani hukaa. Mto huenda wapi na kwa nini, hiyo si kazi yao. Ndio maana unaweza pata mto unaunganisha bahari mbili, ama unapanda mlima. Majina nayo saa zingine ni herufi zimemwagwa tu. Na usipoisaidia, mara nyingi itakuletea kasri za Ulaya. Msomaji akinotisi, haamini dunia yako tena.

Sasa panda Menengai ucheki chini. Mito ka Njoro, Makalia na Nderit inaingia Ziwa Nakuru, lakini hakuna mto unatoka. Jua linakausha maji, chumvi inabaki, na ndio maana ni ziwa la magadi. Naivasha pia haina mto wa kutoka, lakini maji yake si ya chumvi. Mbona? Yanavujia chini ya ardhi, yanatoka na chumvi. Mji wa Nakuru nao ulishika juu reli ilifika 1900. Na ramani haitulii: kutoka karibu 2010 ziwa limepanda, likameza geti kuu la zamani la mbuga na kuhamisha familia za Mwariki.

Kila kitu hapo iko na sababu. Ukichora na mkono, huwezi kwepa hizo sababu. Kila mstari ni uamuzi: maji yanaenda wapi, nani anayakunywa, nani atahamishwa yakipanda. Hapo ndio stori huanzia. Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa 1881, na riwaya yake ya Treasure Island ikatokea kwa hiyo ramani.

Hii haimaanishi utupe mashine. Na pia si zote ni sawa. Azgaar's Fantasy Map Generator, yenye ni ya bure kwa brauza, haichori picha ya kukisia. Inapiga hesabu ya urefu wa ardhi na mvua, ndio mito ishuke vile inafaa.

Form ni hii. Anza na karatasi: weka milima, halafu shusha mito, halafu miji mahali kuna maji ama njia. Majina toa kwa lugha za kwenu. Ukishaamua hayo yote, AI inaweza kukusaidia na rangi na mapambo.

Mwisho, ipime. Weka kidole juu ya mto wowote, ufuate mpaka uishe. Halafu shika mji wowote, ujiulize watu walifuata nini hapo. Ukikosa jibu, hiyo bado ni picha tu. Rudia penseli.