USITUPE MBOGA PAMOJA NA MAGUGU

Mvua za masika zikianza, mwezi wa Machi au Aprili, kila mkulima wa skimu hushika jembe. Mahindi yamepandwa, viazi vimepandwa, na baada ya wiki tatu magugu nayo yamejaa. Wakati huo huo ghala huanza kupungua, na kabichi za bustani bado ni changa. Ndio wakati ambapo fedha nyingi hutoka mfukoni kwa kununua mboga.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, na kazi yangu hasa ni vitabu na barua. Lakini Aprili moja nilifuatana na Bwana Shamba kwenda kuandika hesabu ya eka zilizopandwa. Tulifika kwa mkulima mmoja hodari ambaye shamba lake lilikuwa limepaliliwa safi kabisa. Mkewe alikuwa akirudi kutoka sokoni na kabichi mbili, baada ya mwendo wa saa nzima. Na pale ukingoni mwa shamba palikuwa na rundo la magugu yaliyong'olewa asubuhi ile, yakinyauka juani. Tulipolifunua, tukaona kwamba karibu nusu yake ni mnavu na mchicha. Mboga ya siku nyingi ilikuwa imetupwa.

"Sisi tumehamia hapa," akasema yule mkulima. "Majani ya huku siyajui."

Neno lake lilikuwa la haki. Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, watu wengi walihamia katika skimu wakitoka sehemu mbalimbali. Aliyetoka penye joto akifika penye baridi huona mimea asiyoizoea. Tena jirani yake ana jina jingine kwa mmea ule ule. Kwa hiyo, mkulima, usiujue mmea kwa jina tu. Ujue kwa jani lake, ua lake na tunda lake.

MBOGA NNE ZA KUJUA

1. Mnavu. Wengine huuita managu, osuga, rinagu au lisutsa. Majani yake ni laini, rangi ya kijani iliyoiva, na shina halina miiba. Ua ni dogo, jeupe, mfano wa nyota, na katikati pana rangi ya manjano. Matunda ni madogo kama njegere, nayo hukaa kwa vishada. Yakiiva huwa meusi, au rangi ya machungwa kwa aina nyingine. Mnavu hustahimili baridi, na kwa sababu hiyo huota vizuri hata katika nyanda za juu.

2. Mchicha, ambao wengine huuita terere, ododo au emboga. Jani lina kikonyo kirefu, na maua hujipanga kama mkia kwenye ncha ya mmea. Mbegu ni ndogo sana na hung'aa. Mchicha hupenda joto na mbolea, kwa hiyo utauona karibu na boma la ng'ombe.

3. Mgagani, yaani saga, dek, chinsaga, tsisaka au isagek. Jani moja limegawanyika kama vidole vitano vya mkono. Harufu yake ni kali na ladha yake ni chungu. Mbegu zimo katika maganda membamba marefu. Huu pia hupenda joto. Penye baridi kali haustawi.

4. Thabai, majani yale yanayowasha. Hapana haja ya kueleza sana, kwa kuwa aliyeigusa mara moja hawezi kuisahau. Hupatikana sehemu za juu zenye baridi na unyevu, kandokando ya mito na misitu.

Mboga hizi ni chakula cha kulinda mwili. Zina madini ya chuma ya kuongeza damu, na vitamini A ya kulinda macho ya watoto. Siku hizi hata masoko ya Nairobi huuza managu na terere kwa fedha. Wewe unazo mlangoni pako.

HATARI YA KUANGALIA

Soma sehemu hii mara mbili, nawe umsomee mwenzako asiyejua kusoma.

Penye mahindi na penye boma huota pia mnanaha, nao ni sumu. Majani yake ni makubwa yenye meno makubwa pembeni, na ukiyafikicha yananuka vibaya. Ua ni refu kama tarumbeta, na tunda lina miiba kama nungunungu. Mmea mchanga wa mnanaha ukichanganyika na mnavu kikapuni unaweza kuleta maafa, kwa maana kupika hakuondoi sumu yake. Mtu aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, naye huanza kuweweseka. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue kipande cha mmea ule akakione daktari.

Mtunguja nao usiule. Huo una miiba, maua ya zambarau na matunda ya manjano. Na matunda mabichi ya mnavu wenyewe yana sumu. Waonye watoto wasiyachezee kinywani.

Tena usichume mboga mahali palipopigwa dawa ya magugu au ya wadudu, wala karibu na josho la ng'ombe. Na ukiwa na shaka juu ya jani lo lote, liache. Muulize jirani aliyezaliwa sehemu hizo, au mpelekee Bwana Shamba mmea mzima, pamoja na ua lake kama lipo.

JINSI YA KUPIKA

Chuma majani wakati mmea umefika shubiri moja, kabla haujatoa maua. Osha majani kwanza, kisha uyakate. Ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini nyingi huenda na maji.

Mchicha mchanga unatosha kupikwa dakika chache kwa maji kidogo, kitunguu na mafuta. Mafuta si anasa. Huusaidia mwili kuipata vitamini A. Kama mchicha ni mzee au umekulia kwenye ukame, uchemshe na umwage maji ya kwanza.

Mnavu na mgagani huchemshwa mpaka majani yalainike. Mwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha tia maziwa au malai na uache vitokote polepole. Wanaojua mgagani huuacha chunguni hadi kesho yake, na uchungu hupungua zaidi. Ukifanya hivyo, uchemshe tena vizuri kabla ya kula. Magadi usizidishe, kwani huharibu vitamini.

Thabai ichume kwa kijiti kilichokunjwa kama koleo, au vaa mfuko mkononi. Chukua majani ya juu tu. Yatie katika maji yanayochemka dakika moja au mbili, na kuwasha kote kutakwisha. Kisha yaponde pamoja na viazi, mahindi na maharagwe. Chakula hicho hushibisha, na rangi yake huwapendeza watoto.

WEKA MBEGU

Usingoje bahati kila mwaka. Unapopalilia, acha mimea michache mizuri pembeni, ukaizungushie vijiti. Tunda la mnavu likiiva, liponde katika maji, toa mbegu, uzianike kivulini. Maganda ya mgagani yachume yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka. Mbegu za mchicha zichanganye na mchanga ili zisianguke mahali pamoja. Panda tuta moja lenye samadi karibu na jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapoweza kufika. Utaanza kuchuma baada ya wiki nne hadi sita. Mgagani ukitaka kutoa maua, yakate, nao utazidi kutoa majani.

Yule mkulima niliyemtaja alifanya hivyo hivyo. Mwaka uliofuata alikuja afisini kwa shughuli nyingine, akaniambia kwamba masika ile hawakununua kabichi hata moja. Fedha hiyo ilinunua madaftari ya shule.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mvua zitakapoanza, kabla hujainua jembe, inama kwanza uangalie. Chuma unalolijua, acha unalolitilia shaka, ndipo upalilie.