Wino wa Skrini Juu ya Hati za Muyaka

Mwalimu unayefundisha ushairi Bondeni, kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, uko katika kisiwa cha Muyaka bin Haji (1776–1840). Hata hivyo, Muyaka anayesomwa darasani ni wa herufi za Kirumi. Tungo zake zilitufikia kwa hati ya Kiarabu: Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizinakili akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor katika karne ya 19, William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940, naye Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka 1979. Karatasi za Taylor zimo katika maktaba ya SOAS, London.

Kwa nini mtahiniwa ajishughulishe na hati? Kwa sababu hati hiyo, jinsi ilivyotumiwa zamani, haikutenga sauti zote za Kiswahili. Herufi fa iliweza kusimamia f na v. Hivyo “fua” na “vua” zikafanana. Irabu o na u zilitiwa alama moja, basi “oa” na “ua” humwachia msomaji aamue kama kuna arusi au matanga! Maneno mengi unayoyasoma kitabuni ni uamuzi wa mhariri, na uamuzi huhakikiwa.

Hapa ndipo kishikwambi chenye kalamu kinapofaa. Unapoandika juu ya picha ya hati, programu nzuri haipaki rangi ndani ya picha. Hunasa kila mchoro wa kalamu kama mfululizo wa nukta: ncha ilipopita, wakati ilipopita na, aghalabu, nguvu ya mkono. Wino huo wa kidijitali hukaa katika tabaka lake, kwa hiyo ukifuta alama yako hati haiguswi. Teknolojia yenyewe si ngeni. Microsoft ilitoa Windows XP ya tarakilishi za kalamu mwaka 2002, na mwaka 2011 shirika la W3C likaidhinisha InkML, muundo wa kuhifadhi wino ili programu mbalimbali ziusome.

Chukua ubeti wenye fa katika kina. Watahiniwa wazungushie vina vyote kwa rangi moja. Likiwemo hata neno moja lisilo na maana ila kwa v, yale mengine nayo yasomwe kwa v. Kwa “oa” na “ua” mizani haisaidii, maana yote mawili ni silabi mbili. Hapo waandike pembeni hoja ya muktadha. Kwa kuwa wakati umenaswa, baadhi ya programu huweza kurudia uandishi hatua kwa hatua, nawe ukaona mwanafunzi alisita wapi. Daftari la karatasi halikupi hilo.

Jihadhari na kitufe cha kugeuza mwandiko kuwa chapa. Programu hizo hukisia kwa kutumia msamiati zilioufunzwa, na Kimvita si lahaja wanayoifikiria waundaji wengi. “Mato”, yaani macho, yaweza kugeuzwa “mto”, na mtahiniwa akahakiki mto ambao mshairi hakuutaja. Acha mwandiko ubaki mwandiko hadi usomaji ukubaliwe darasani. Tena, hifadhi faili lenye matabaka kabla ya kutoa nakala ya PDF, kwani katika nakala nyingi za aina hiyo wino na picha hushikamana, na nukta zile za wakati hupotea.